Mita ya Zamani

Rafiki yangu Nati alijiundia gari nyumbani, na msinibishie, nililisukuma peke yangu kilima kizima. Juzi alibadilisha mita zote za dashibodi, mkewe akatoka na gari kulijaribu.

Umeme ukakatika. Gizani mle gerejini Nati akasikia tik, tik, tik mezani. Akamulika kwa simu: mita kuukuu ya mwendo aliyoing'oa garini, nyaya zake zikining'inia, mshale unapanda. Themanini. Mia.

Akampigia mkewe. "Mama watoto, punguza mwendo!"

"Nipunguze nini, baba watoto? Nimeegesha, injini nimezima. Mita yako mpya yenyewe inasema sifuri."

Mkewe akacheka. Nyuma ya kicheko hicho, Nati alisikia injini ikinguruma na upepo ukipiga mluzi madirishani, na pale mezani mshale ukagusa mia na arobaini.