Kundi Lisilo na Mwenyewe

Haya yalimkuta Kheiria, jirani yetu wa Mabela, mwaka ule wa 2001 ambapo nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa bado zinanuka rangi.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya mapumziko katika nchi hii ya Waarabu. Wamekwishakula wali na mchuzi wa papa, vyombo vimeoshwa, na Saud, mumewe, amejilaza majlisi, chumba cha wageni, kwa ubavu mmoja. Mbele yake alitandaza gazeti, na juu ya gazeti kile kidude chake kipya. Kilikuwa skana, redio ya kusikilizia mazungumzo ya redio za upepo, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na eriali yake fupi kama mkia wa mbuzi. Alikinunua sokoni Hamriya, kwa Mhindi mmoja anayetengeneza saa.

Saud alikuwa fundi wa redio katika kampuni ya magari ya maji. Kazini azitengeneze, nyumbani azisikilize. Bi Sayyida, mama yake, hakuchoka kumtania.

"Nna mtoto kasomeshwa ufundi, kumbe kazi yake kudukiza maneno ya watu."

"Mama, haya si maneno ya watu. Haya ya madereva."

"Na madereva si watu?"

Kheiria alicheka mpaka Balqees, mtoto wao mchanga aliyekuwa ananyonya, akaachia ziwa akamtazama.

Saud aliwaeleza huku akibonyeza. Zamani kila kampuni ilikuwa na masafa yake, ukiyapata, umeipata. Siku hizi makundi mengi ya watumiaji yanagawana masafa machache. Yapo masafa ya peke yake yasiyosema neno, yananguruma tu kutwa kucha, na hayo ndiyo yanayoamrisha: kundi hili lihamie huku, kundi lile lihamie kule. Kila kundi lina namba yake. Skana lazima ilishwe masafa yote, tena kwa mpangilio wake. Ukipotoa moja, mtu anakatika katikati ya salamu. Ukipatia, itawafuata watu wako popote wanaporukia.

"Na wao wanatusikia?" aliuliza Kheiria.

"Hiki kina masikio tu. Mdomo hakina."

Akabonyeza mara ya mwisho, na chumba kikajaa sauti ya Tony, Mkenya anayepanga safari za magari pale kazini kwake.

"Wewe Elijah, uko wapi? Yule mama wa Azaiba amepiga simu tena. Anasema leo ataoga na chai!"

"Niko njiani, boss."

"Njiani tangu asubuhi? Hiyo njia inaenda mpaka Salalah?"

Bi Sayyida alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakamtikisika. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba wa Bakhit.

Bakhit alikuwa mwanawe mkubwa. Majira ya baridi yaliyopita, wadi, lile bonde kavu la jangwani, lilijaa maji ya mvua kutoka milimani likalizoa gari lake naye akiwa ndani. Alipatikana, akazikwa siku ileile. Mama yake hakuonyeshwa uso, waliambiwa umeharibika. Tangu hapo Bi Sayyida hakuwahi kusema "marehemu". Aliamini lile ambalo wazee wengi wanalijua na hawalisemi mbele za wageni: mchawi akimtaka mtu wa kumtumikia humchukua mzima, na kinachozikwa ni kipande tu cha mti kilichofanywa kifanane naye. Huyo aliyechukuliwa ndiye mghayyabu. Yupo. Anafanya kazi. Haonekani.

Saud hakuliamini hilo. Alikuwa kijana wa vifaa na nyaya.

Jioni ilipokaribia aliiachia skana itafute yenyewe makundi asiyoyajua. Namba zilipita, zikapita. Halafu ikasimama.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya upole, isiyo na mkwaruzo hata kidogo. Ilikuwa safi kuliko ya Tony. Ilikuwa safi kama mtu aliyekaa nao chumbani.

"Khalfan."

"Naam."

"Nassor."

"Naam."

Hakuna aliyetaja gari wala njia wala mzigo. Ni kuitwa na kuitika tu.

"Bakhit."

"Naam."

Kila nyumba inajua namna mtu wake anavyoitika. Bakhit alikuwa na naam yake ya kuvuta mwishoni, ya mtu ambaye amekwishaanza kuinuka.

Bi Sayyida alikuwa anakunja nguo za mtoto. Alizikunja zote, mpaka soksi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nliwaambia."

*

Jumamosi Saud alimpelekea Tony ile namba ya kundi kwenye karatasi. Tony aliitazama, akapiga simu, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Hii si yetu, bana. Nimeuliza na wenye mtambo wa redio, hawaijui. Lakini kundi halijizai lenyewe, Saud. Lazima kuna mtu amelipangia namba."

"Nani?"

"Mimi nikikuwa wewe, nisingetaka kujua."

Saud alitaka kujua. Kuanzia hapo kila alasiri alirudi nyumbani, akavua kofia, akakaa mbele ya skana. Mama yake alikaa pembeni na birika la kahawa. Walingoja. Sauti iliita majina yake, na Bakhit aliitika, na basi. Neno moja tu kwa siku. Kwa neno hilo moja Saud aliacha kula chakula cha mchana, akaacha kumbeba mwanawe, akaanza kuchelewa kazini na hatimaye akaacha kwenda. Masikio yake yalikuwa yanasikiliza hata pale skana ilipozimwa. Kheiria akimsemesha, aliinua kidole: ngoja.

"Msimwite," Bi Sayyida aliwaonya. "Mghayyabu haitwi na watu wake. Na mkiitwa nyinyi, msiitike. Anayeitika kishafungua mlango."

"Mama, hiki hakina mdomo," alisema Saud.

"Nimekwambia."

Kheiria alimtazama mumewe kifua kikimbonyea ndani ya kanzu. Aliona wazi kinachotokea. Nyumba hii ilikwishatoa mtu mmoja, na sasa inamtoa wa pili, taratibu, akiwa amekaa palepale juu ya zulia. Siku moja alimshika mkono.

"Baba Balqees, ifute hiyo namba. Nakuomba."

Saud alimtazama kama mtu anayemtafuta kwenye giza.

"Unifutie ndugu yangu?"

Lakini Kheiria alikuwa amemtazama vidole mumewe kwa wiki nyingi, na alijua kitufe kipi kinalifungia kundi nje.

*

Alingoja Ijumaa. Saud alioga, akapunguza ndevu kwa wembe, akajikata kidogo chini ya kidevu, akaondoka kwenda kuswali na pamba juu ya kidonda. Bi Sayyida alikuwa chumbani kwake, anaswali. Balqees alilala. Jua la mchana lilikuwa jeupe dirishani, na mtaa mzima ulikuwa kimya kama unavyokuwa Ijumaa wanaume wote wakiwa msikitini.

Kheiria aliiwasha skana. Namba ilijitokeza. Aliibonyezea kitufe, akashikilia, mpaka ikazimika.

Mara ikaingia sauti ya Elijah akilalamika njaa, na Tony akimwambia ale usukani. Kheiria aliegemea ukuta, akacheka peke yake. Machozi yalimtoka. Lilikuwa jambo jepesi namna hii, na wao walikuwa wamekaa wiki zote zile wanakufa. Atapika biriani leo. Saud atanuna siku mbili tatu, kisha atakula.

Sauti ya Tony ilikatika katikati ya neno.

Kioo cha skana kilikuwa kitupu. Hapakuwa na namba.

"Saud."

Kheiria aliitazama skana.

"Saud."

Ilikuwa sauti ileile ya upole. Safari hii ilingoja, kama mgeni aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo.

Alinyoosha mkono azime. Kitufe kilizunguka, kikagota. Taa haikuzimika.

"Kheiria."

Kuna vitu mtu hafundishwi, anakandwa navyo tangu utotoni. Kheiria alilelewa na bibi aliyezaliwa Unguja. Mtoto wa kike akiitwa na mkubwa hasemi "nini", hasemi "nakuja", hanyamazi. Alifinywa kwa hilo kabla hajajua kuhesabu. Mdomo wake ulikwenda mbele ya akili yake.

"Abee."

Kisha sauti ikauliza, kwa adabu ileile:

"Saud yupo wapi?"

Na yeye akajibu. Ndivyo anavyojibiwa mkubwa.

"Kaenda msikitini."

"Ahsante, mwanangu."

Taa ikazimika.

Alikaa palepale. Chumba cha pili mama mkwe alikuwa anatoa salamu, kulia, kushoto. Halafu Kheiria akaruka, akachukua buibui, akatoka mbio bila viatu, na lami ya Mabela ikamuunguza nyayo. Hakufika mbali. Aliwaona wanaume wanakuja barabarani, kundi zima, wanatembea polepole, na mbele yao Harub, mjomba wake Saud, amevua kilemba chake amekishika mkononi.

*

Saud alisujudu hakuinuka. Ndivyo walivyosema wote. Alisujudu rakaa ya mwisho, imamu akatoa salamu, watu wakageuka, naye yuko vilevile.

Ni kifo cha kutamaniwa. Ijumaa, msikitini, paji la uso chini. Wanawake waliokuja kukaa tanga walimshika Kheiria mikono wakamwambia ana bahati. Alikubali kwa kichwa.

Yeye alionyeshwa uso. Aliwasihi mpaka wakamfunulia. Kila kitu kilikuwa chake: nyusi, kovu la utotoni, ndevu alizozipunguza asubuhi. Pamba ilikuwa imetolewa, na chini ya kidevu kile kidonda cha wembe kilikuwepo, mahali pake hasa. Kheiria aliinama karibu. Hakikuwa na damu wala ukoko. Hakikuwa kimepasua ngozi.

Kilikuwa kimechorwa.

"Huyu siye," alinong'ona.

Wakamvuta nyuma kwa huruma, wakamfunika yule mtu, wakamchukua wakaenda kumzika.

Wageni walipopungua alimfuata Bi Sayyida jikoni.

"Mama, nimeitika."

Bi Sayyida hakugeuka. "Ukasema nini tena?"

"Nilimwambia alipo."

Mwanamke yule mzee alishika ukingo wa jiko kwa mikono miwili. Hakumpiga, hakumlaani. Aliosha kikombe alichokuwa nacho, akakigeuza kikauke. Lakini tangu saa hiyo hakuwahi kulitamka tena jina la Kheiria.

Katika eda Kheiria alibaki ndani na skana mapajani. Akili yake ilikuwa na jambo moja tu. Kama Saud yumo, basi anaitwa, na kama anaitwa, anaitika. Angeridhika na neno moja kwa siku. Sasa alielewa jinsi neno moja linavyoweza kuwa chakula. Alibonyeza kila kitufe alichokiona mumewe akibonyeza. Walisikika madereva, mafundi wa umeme, walinzi. Lile kundi halikurudi. Namba yake hakuikariri mtu mwingine. Saud alikuwa nayo kichwani, na karatasi aliyompa Tony, Tony aliichoma siku ileile.

Mwishowe Bi Sayyida alimwita Tony. Hakuweza kuingia, mjane yumo edani. Alisimama langoni, Bi Sayyida akampelekea skana, na Kheiria akasikiliza nyuma ya mlango. Alisikia vitufe vikilia kwa muda mrefu.

"Mwambie shemeji pole sana," Tony alisema. "Nimefungua kila kilichofungwa. Hakuna kitu humu. Ni sisi tu, kampuni."

"Tafuta tena, baba."

"Mama, nimetafuta."

Kheiria aliteleza na mlango mpaka chini. Alikuwa amefungua mlango mmoja na kufunga dirisha pekee, vyote mchana mmoja, kwa mikono yake na kwa adabu yake.

Eda ilipokwisha, Harub alikwenda makaburini kusoma fatiha. Makaburi ya upande ule ni kokoto na vumbi. Hata magugu hayaoti, kwa kukosa maji. Juu ya kaburi la Saud, usawa wa kifua, lilikuwa limetoka chipukizi. Lilikuwa na majani mapana, laini, ya mti unaopenda mvua. Harub hakuutambua, wala hakuutambua yeyote aliyeonyeshwa jani lake. Alilivuta. Halikung'oka. Mzizi ulikuwa umekwenda chini sana.

Ndipo alipoinua macho kutazama kaburi la Bakhit, lililo jirani. Lake lilikuwa na mti wake, umekwishakuwa mnene kama mkono wa mtu. Matawi yote yalikuwa yamepogolewa yakachukuliwa, vizuri, na mtu anayejua kazi.

Mikato ilikuwa bado mibichi.