Waliozima Redio

Kila siku Kasuku alitangulia jua kuamka: achote maji, awaogeshe wadogo zake pacha, akimbie shule, kisha arudi kuwabeba tena. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alisoma kwa sauti nzuri bila kukwama, na alichosoma leo, kesho alikisema chote. Kuelewa kilikuwa kitu kingine, lakini nani ana nafasi ya kuelewa huku mtoto analia mgongoni?

Wiki hiyo darasa lilisoma hadithi ya mji uliojengwa mwezini. Watoto wa huko walivaa kofia za kioo zenye redio za kuzungumzia. Kofia ya msichana mmoja ilikuwa mbovu, ikifoka kama birika. Mvulana mmoja akaanza kumwigiza, na wengine wakawa wanazima redio zao kila alipotaka kusema. Siku alipouona ukuta wa mji unapasuka, aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemsikia.

Mwalimu aliuliza mkosaji ni nani. Kasuku akajibu upesi kwamba ni yule mvulana mwigizaji. Mwalimu, mwanamke aliyechoka mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, akatikisa kichwa. Akampa kitabu ampelekee jirani yake, mtoto wa fundi cherehani, ambaye hakuonekana shuleni wiki nzima. Amweleze hadithi, kisha aje ajibu tena.

Mtoto huyo darasani aliitwa Injini. Alikuwa na pumu, na kifua chake kilipiga mluzi. Kila aliposimama kujibu, Domo wa dawati la nyuma alinguruma kama gari linalokataa kuwaka, na darasa likavunjika mbavu.

Kasuku alimkuta fundi akishona sare, mwanawe pembeni akikata nyuzi. Akaamkia. Fundi aliitikia bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Anasema shule basi, mwanangu," alisema. "Cherehani itamngoja miaka yote. Shule haimngoji mtu."

Kasuku akakaa, miguu ikimuuma, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Mwenzake alishaisoma hadithi hiyo katika kitabu cha ndugu yake mkubwa.

"Wakosaji ni wale waliozima redio," alisema.

"Lakini hao hawakumfanya kitu."

"Ndiyo. Hawakufanya kitu." Alikata uzi mwingine. "Si kifua kinachonizuia kuja shule; kilishatulia. Wewe hujawahi kuningurumia, najua. Wewe hugeuka ukatazama dirishani."

Kasuku aliona haya, haya ya kweli, maana zamani walikuwa wakienda shule pamoja, na hakukumbuka ni lini aliacha kumpitia. Alipoaga alisema kesho atampitia. Injini akajibu kwamba aliwahi kusema hivyo.

Asubuhi alifika na pacha mmoja mgongoni, kwa kuwa mama yao alikuwa bado hajarudi kutoka kazi ya usiku na yule mwingine alikuwa kwa bibi. Injini alimtazama, akatazama viatu vyake, akavivaa polepole kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mtoto wakamwacha kwa bibi njiani.

Darasani mwalimu alimwita Injini asome. Kabla hajafungua mdomo, ngurumo ikaanza nyuma. Vicheko vikaanza kufuata. Kasuku alijikuta anatazama dirisha. Akaliacha, akasimama na begi lake, akaenda kuketi kwenye dawati la Injini.

"Domo, nyamaza," alisema. "Na sisi wengine tuache kucheka. Mimi nimechoka kujifanya sioni."

Vicheko vikakatika. Domo akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye, akakosa, akainama.

Kasuku akageuka kumjibu mwalimu lile swali lake. Mwalimu akainua mkono.

"Jibu nimelisikia," alisema. "Na mimi nilikuwa naisikia ngurumo hiyo, nikasema ni utoto, utapita. Nilikosea. Sikilizeni, wanangu. Mwonevu mmoja peke yake hana nguvu. Nguvu anapewa na anayecheka, na anayenyamaza pia. Ukiona mwenzako anaonewa, kaa naye, kisha mwambie mtu mzima. Nami nitasikia."

Kisha akamwambia mtoto wa fundi aanze kusoma, akimwita kwa jina lake halisi. Alisoma taratibu, akipumzika kila alipohitaji. Kifua kilipiga mluzi mdogo, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya, wote waliusikia. Hakuna aliyecheka.