Fundi Cheche na Sumaku Isiyolala

Fundi alikuwa hawezi tena kuinama. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha miguu, na mkewe akachuchumaa kumfunga kamba za viatu.

“Kaza kidogo,” alisema fundi.

“Nimekaza. Mguu wa kushoto husikii?”

“Nasikia.”

Hakuwa anasikia. Kamba ilikuwa imebana hadi ngozi imevimba juu ya kiatu, naye alikuwa akitazama dirishani.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mageti. Kwenye karakana walimwita Cheche, kwa sababu ya cheche za mashine ya kusaga chuma, na pia kwa sababu hakukawia kuwaka. Mkewe alikuwa mshonaji. Walikuwa na watoto mapacha wa kike, basi majirani walimwita Mama Pacha na hawakumjua kwa jina lingine.

Maumivu yalianzia kiunoni. Baadaye yakashuka pajani, kisha mguu ukaanza kufa ganzi. Fundi alipaka dawa ya kuchua, akafunga mshipi, akasema ni uchovu. Mama Pacha alimsikiliza wiki hiyo yote, kisha akamwambia, “Baba Pacha, mficha maradhi, kilio humfichua. Leo tunakwenda hospitali, hata kama nitakubeba mgongoni.”

“Utanibeba wewe?”

“Nimebeba mapacha miezi tisa. Wewe ni nini?”

Daktari alimgonga goti, akamchoma vidole vya mguu kwa kijiti, akamwambia afumbe macho aseme anapoguswa. Kisha akaketi.

“Nadhani mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni,” alisema. “Eksirei inaonyesha mifupa vizuri, lakini mishipa ya fahamu haionyeshi. Nataka ufanyiwe kipimo cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Mguu ukiachwa hivi unaweza kulegea kabisa.”

Mashine hiyo ilikuwa moja tu kwa eneo zima, na foleni yake ilikuwa ndefu. Fundi alingoja. Siku yake ilipofika alivaa shati safi, akatangulia mlangoni kabla ya mkewe.

Chumba cha maswali kilikuwa kidogo. Kilikuwa na meza, viti vitatu na kabati la kufungia mali za wagonjwa. Mtaalamu wa picha, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliwakaribisha.

“Pole na maumivu, kaka.”

“Nimeshapoa, dada. Tuanze tu.”

“Tutaanza na maswali. Una kifaa chochote cha kusaidia moyo kilichowekwa kifuani?”

“Sina.”

“Umewahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa, au kuwekewa chuma popote?”

“Hapana. Mimi ni mzima, ni huu mgongo tu.”

“Unafanya kazi gani?”

“Fundi mageti.”

Mtaalamu aliweka kalamu chini. “Basi hili ni muhimu sana. Je, chembe ya chuma imewahi kukuingia jichoni?”

Mama Pacha alijibu kabla ya mumewe. “Haiwezekani, mdogo wangu. Nilimnunulia miwani ya kazi mimi mwenyewe, kwa pesa ya cherehani. Anaivaa kila siku.”

Fundi alitazama meza. “Kila siku,” alisema.

“Chembe haijakuingia hata mara moja?” aliuliza mtaalamu.

“Hata mara moja.”

Ukweli ulikuwa mwingine. Miwani ile ilikuwa ikiingia ukungu wa jasho, na tangu siku ya kwanza fundi aliitundika kwenye msumari, juu ya mitungi ya gesi. Miezi michache nyuma, alipokuwa akisaga ukingo wa geti, chembe ilimruka ikaingia jicho la kulia. Mwenzake aligeuza kope, akapangusa kwa ncha ya kitambaa, akasema, “Imetoka.” Ndivyo wafanyavyo mafundi wengi. Kwao chembe jichoni ni kama vumbi kwa mfagiaji, wala hakuna anayeihesabu kuwa chuma mwilini. Nyumbani fundi alisema ni upepo. Mama Pacha alimtilia dawa ya macho, akampa pole.

“Nina swali na mimi,” alisema fundi, akitaka kuondoka kwenye habari za macho. “Kule kazini wananiambia mashine hii ni mambo ya nyuklia. Nitatoka salama?”

Mtaalamu alitabasamu. Inaonekana aliulizwa hivyo mara nyingi.

“Nyuklia maana yake ni ya kiini. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na katikati ya kila atomu kuna kiini. Hata maji unayokunywa yana viini. Hapa hakuna kinachopasuliwa wala kulipuka. Hata mionzi kama ya eksirei haimo.”

“Sasa picha inatoka wapi?” aliuliza Mama Pacha.

“Inatoka kwenye maji ya mwili wake. Mwili una maji mengi na mafuta, na ndani yake kuna atomu za hidrojeni. Kiini cha hidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo sana. Kwa kawaida visumaku hivyo vinaelekea huku na huku, kila kimoja na lake. Tukimweka mtu ndani ya sumaku kubwa, baadhi yake vinajipanga kuifuata.”

“Kama watoto mwalimu akiingia darasani,” alisema Mama Pacha.

“Ndiyo, ila hapa wanaotii ni wachache tu. Hao wachache wanatutosha. Halafu tunatuma mawimbi ya redio. Mmewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea?”

“Wawili kwa mpigo,” alisema fundi.

“Ukisukuma kwa mpigo wake, bembea inapaa. Ukisukuma ovyo, haiendi. Viini navyo vina mpigo wao. Tukituma mawimbi yenye mpigo uleule, vinaitikia na kuinama. Tukinyamaza, vinarudi mahali pake, na vikirudi vinatoa wimbi hafifu la redio. Tunaweka kifaa juu ya mgongo kulipokea.”

“Na mshipa wa fahamu mnautofautishaje na nyama?”

“Kila sehemu ina mwendo wake wa kurudi. Mafuta yanarudi upesi. Maji yanachelewa. Kompyuta inapima tofauti hiyo, inachora picha. Ndiyo maana tunaona ubongo, mishipa ya fahamu, magoti na uti wa mgongo bila kumpasua mtu. Maabara nyingine hutumia njia hiyohiyo kuchunguza dawa, au kujua kama mafuta ya kula yamechanganywa na kitu.”

Fundi alisikia raha. Aliuliza kelele zinatoka wapi, akajibiwa kwamba ndani mna nyaya zinazotengeneza sumaku ndogo zaidi, zinazobadilishwa upesi upesi ili kompyuta ijue wimbi limetoka sehemu gani ya mwili. Hizo ndizo zinazogonga.

Mama Pacha alibaki nje na saa ya mumewe, mshipi na funguo. Fundi alivaa gauni la hospitali lisilo na zipu wala vifungo vya chuma, akamfuata mtaalamu kwenye korido. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa mzito, na juu yake palichorwa alama ya sumaku.

“Mtaiwasha nikishalala?” aliuliza.

“Hapana. Imewaka sasa. Haizimwi jioni, haizimwi sikukuu. Sumaku hii hailali. Ndiyo maana nauliza maswali kabla ya mlango huu. Ukishauvuka, tumechelewa.”

Fundi alisimama.

Mambo mengi hakuyajua, lakini sumaku aliijua. Kila jioni, kwenye karakana, walifunga sumaku kwenye fimbo na kuipitisha juu ya sakafu kuzoa unga wa chuma. Alishaona jinsi chembe zinavyosimama wima kabla sumaku haijazigusa, kisha zinaruka. Na sumaku ile ilitosha kwenye kiganja. Alitazama ule mlango, akafikiria kitu kilicho nyuma yake. Jicho la kulia lilianza kumtoka chozi.

Akisema, angeipoteza nafasi aliyoingoja kwa muda mrefu, na mkewe angejua yote. Mtaalamu alishika kitasa.

“Dada, ngoja,” alisema fundi. “Usifungue.”

“Unaogopa? Wengi wanaogopa.”

“Iliniingia. Jicho hili. Mwenzangu alisema imetoka, lakini likipigwa na upepo linatoa machozi mpaka leo.”

Mtaalamu aliachia kitasa. Hakumkaripia. Alimshika mkono, akamrudisha korido nzima hadi chumba cha maswali, kisha akapiga simu chumba cha eksirei.

Picha ya eksirei ilionyesha alama moja nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha pini, upande wa jicho la kulia. Mama Pacha aliitwa. Aliitazama alama ile, akamtazama mumewe.

“Kwa hiyo siku ile nilikuwa natilia dawa chuma?”

“Ndiyo.”

“Na miwani yangu?”

“Iko kwenye msumari.”

“Tangu lini?”

“Tangu uliponipa.”

Mama Pacha alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini alipotaka kumkaripia, alilia. “Ungeingia mle,” alisema. “Ungeingia na jicho lako, mimi nimekaa hapa nimeshika saa yako.”

“Chembe ingeweza kusogea au kugeuka na kukata jicho,” alisema mtaalamu. “Angeweza kupofuka. Ameponea chupuchupu. Lakini mama, kosa jingine ni langu. Nilimuuliza mbele yako.”

Daktari wa macho alimpa fundi dawa ya ganzi, akageuza kope, akaiona chembe imejizika kwenye ile sehemu nyeupe, mbali na mboni. Aliitoa kwa kifaa chembamba. Alisema ni bahati kubwa, kwa sababu nyingine hupenya hadi ndani.

“Kitambaa kinasukuma chembe na kuingiza uchafu,” alisema. “Ikikuingia tena, usifikiche. Usimpe mwenzako aichokoe. Njoo hapa siku hiyohiyo. Na miwani ikiwa na ukungu, nunua yenye matundu ya hewa pembeni.”

“Yenye matundu ipo?” aliuliza fundi.

“Ipo dukani palepale nilipoinunua ile nyingine,” alisema Mama Pacha. “Ungesema tu.”

Eksirei ya pili ilikuwa safi. Fundi alirudi kwenye foleni, akangoja tena, na safari hii aliuvuka ule mlango. Alizibwa masikio, akapewa kipira cha kuminya kama angehitaji msaada, akaambiwa asitikisike, maana mtu akitikisika picha inavurugika. Mashine iligonga, ikanguruma, ikagonga tena. Alipotolewa, mtaalamu alimsifu.

“Umetulia vizuri sana, kaka.”

“Nilipitiwa na usingizi. Mnagonga kama karakana yetu, ila hapa hakuna anayenituma.”

Daktari aliwaonyesha picha. Pingili za mgongo zilipangana vizuri, na kati yake palikuwa na sahani laini. Sahani moja ya chini ilikuwa imechomoza nyuma, ikaukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguu wa kushoto. Fundi aliutazama mgongo wake kwa muda.

“Huyo ni mimi?”

“Ni wewe,” alisema daktari. “Na habari ni njema. Kwa ulivyo sasa huhitaji kupasuliwa. Utapewa dawa na mazoezi, na mageti usiyanyanyue peke yako.”

Alifanya mazoezi sakafuni kila jioni, mapacha wakimhesabia na kumwibia hesabu. Jioni moja, miezi kadhaa baadaye, alikuwa akivuka chumba peku, akakanyaga pini ya cherehani kwa mguu wa kushoto. Alipiga yowe hadi jirani akauliza kuna nini. Mama Pacha alitupa kitambaa alichokuwa akishona, akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka.

“Unacheka nini? Nimechomwa!”

“Umesikia, Baba Pacha! Umesikia!”

Kwenye karakana, ncha ya kitambaa haigusi tena jicho la mtu. Cheche amekuwa mkali juu ya jambo hilo, na akiwaka, hakuna anayebishana naye. Mwenye chembe anapelekwa kwa daktari wa macho hata kama mwenye geti amesimama pale akilingoja.

Hospitalini nako utaratibu ulibadilika. Sasa mtaalamu wa picha huwauliza mafundi mara mbili. Mara ya kwanza anauliza wakiwa na jamaa zao. Kisha anamwomba jamaa atoke, anafunga mlango, anauliza upya. Wa kwanza kuulizwa hivyo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtu wa makamo, mkewe ubavuni.

“Chuma jichoni? Mimi? Kamwe,” alisema, na mkewe akatikisa kichwa kukubali.

Mkewe alitoka. Mlango ulifungwa, swali likarudiwa. Yule fundi alitazama mlango, akasogeza kiti karibu na meza.

“Macho yote mawili, dada,” alisema kwa sauti ya chini. “Nipimeni yote mawili.”