Mfuko wa Kulalia wa Mama Gyurga

Asubuhi hiyo Velika alichemsha kahawa, akaanika mablanketi, akawarushia mbwa maganda ya jibini. Milima ya Rodopi ilikuwa imetulia. Ilikuwa siku kama nyingine, ila ilikuwa Siku ya Panya. Siku hiyo, mwishoni mwa Oktoba, mtu hashiki mkasi, hashoni, hafungui kasha. Ukikata kitu, umewanolea panya meno.

Mumewe, Rumen, aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini kesho wageni wa mwisho wa msimu wangekuja kulala kwenye mahema yao ya kukodisha, na panya walikuwa wameshatoboa karibu mifuko yote ya kulalia. Rumen alikuwa ameziba matundu kwa stilwaya, akaning'iniza chakula matawini, akatandaza mnanaa kila kona ya hema.

Panya wakaula mnanaa.

"Tuuchukue ule wa mama," alisema, akiliburuta kasha.

"Ngoja kesho, Rumen."

"Kesho wageni walale wapi, kwenye sketi yako?"

"Cheka tu. Mama yako angekuwepo angekuchapa mwiko."

"Mama yuko kaburini tangu Machi, mke wangu. Mwiko kauacha jikoni."

Mfuko wa Mama Gyurga ulikuwa wa sufu nzito, aliolalia malishoni enzi za kondoo wake. Haukuwa na alama hata moja ya jino. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono ikienda upogo, kama ya mtu aliyeshona huku amefumba macho. Velika aliitambua. Ndivyo mkwewe alivyoshona kila mwaka, mkesha wa siku hii, akisema anawashona panya midomo.

"Usikate," alinong'ona.

Rumen akachomoa kisu, akakata.

Ndani hamkuwa na kitu. Harufu tu ya udongo mbichi.

Alasiri ukungu ulishuka. Rumen akaingia hemani na mfuko ule kutandika. Kitambo kidogo, Velika akasikia mikwaruzo. Kitambaa cha hema kikavimba, kikanywea, kikavimba tena.

"Velika! Ni wengi! Wananipanda!"

Alikimbilia zipu. Haikusogea. Akakimbilia jiko la mawe, akachota tope kwa mkono wa kushoto, akafumba macho. Mama Gyurga alifanya hivyo kila mwaka, kwa mkono wake wa kushoto wenye vidole vinne. Kile kidogo kilikwenda na mkasi wa kukatia manyoya. Mmoja hulipaka jiko tope, mwingine huuliza. Mara tatu. Na macho hayafumbuliwi kabla ya jibu la mwisho.

"Niulize, Rumen! Niulize!"

"Unapaka nini?"

"Napaka macho ya panya!"

"Una... unapaka nini?" Sauti yake sasa ilitoka kama ndani ya sufu.

"Napaka macho ya panya!"

Swali la tatu halikuja.

Alisubiri. Tope likamchuruzika mkononi. Mbwa wakanyamaza.

Kisha, sikioni kabisa, pumzi ya baridi.

"Unapaka nini, mkwe wangu?"

Macho hakuyafumbua.

"Macho ya panya, mama."

Mikwaruzo ikakatika.

Velika akafumbua macho, akairudia zipu; ikafunguka bila kushikwa kwa nguvu. Katikati ya hema, mfuko wa sufu ulikuwa umejaa. Mdomo wake umeshonwa. Uzi mwekundu. Mishono upogo. Mfuko ulikuwa ukipumua, kidogo, kidogo zaidi.

Kisu kilikuwa pale chini. Hakukigusa. Alipiga magoti, akautafuna uzi kwa meno yake, mshono baada ya mshono, mpaka ufizi ukatoka damu.

Rumen akatoa kichwa, akihema. Mzima.

"Umemwona nani?" Velika alinong'ona.

"Sijaona. Nimefumbwa macho."

Kope zake zilikuwa zimepakwa tope, nalo limeshakauka. Kwenye tope hilo mkono wa kushoto ulikuwa umeacha alama za vidole. Velika akauweka wake juu ya alama zile. Kidole chake kidogo kilibaki hewani, hakina pa kutua.