Faiza na Kiingereza cha Kuhifadhi

Kila siku alasiri, akishatoka chuo cha Kurani na kutundika ushungi wake, Faiza alikaa ngazini nyumbani kwao mtaa wa Kajificheni, akafumba macho na kuhifadhi. Chuoni hakuna mtoto wa rika lake aliyemshinda kwa kuhifadhi, na skulini aliitumia njia hiyo hiyo kwa kila somo. Jambo likishaingia kichwani mwake, halitoki. Mamaake, Bi Ummy, alimsikia kutoka jikoni akaona fahari.

Mwezi ule ilikuwa zamu ya Kiingereza. Mwalimu Asila wa darasa la sita alikuwa amewafundisha vitenzi alivyoviita vitenzi vyenye mkia, kama get up na turn off, na jinsi vinavyotanguliwa na maneno madogo kama can, must na should.

"Hiki ndicho Kiingereza cha nyumbani na njiani," aliwaambia. "Mwingereza akimwamsha mwanawe hatafuti maneno makubwa. Anasema, You must get up. Lazima uamke."

Akawaandikia sentensi za namna hiyo ubao mzima. Kisha akatangaza kwamba atakayezungumza vizuri kuliko wenzake ataliwakilisha darasa redioni, kwenye kipindi cha watoto. Faiza akaumeza ubao wote, toka juu mpaka chini.

Siku ya kuchaguliwa ilipofika, alisimama mbele ya darasa akazitiririsha sentensi zote bila ya kukwama. Wenzake wakapiga makofi. Faiza alikwisha kujiona yuko redioni, na mtaa mzima unamsikiliza.

"Ahsante," alisema Mwalimu Asila. "Sasa tuzungumze. Umeingia jikoni umekuta bomba linamwaga maji, na mdogo wako anatazama tu. Utamwambia nini?"

Faiza alijua kwamba jawabu lipo. Lilikuwa katikati ya ubao. Lakini hakuweza kulifikia mpaka aanze mwanzo. Akaanza kunong'ona, You must get up, You can sit down, We should not give up, midomo ikaenda mbio, naye jawabu bado hajalifikia.

"Mwalimu, maji yashafika ukumbini!" alipiga kelele Kurwa kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Akaitwa Wanu. Huyo alikwama mapema katika kuhifadhi, akakuna kichwa. Lakini alipoulizwa habari ya bomba, alijibu hapo hapo, "You should turn off the tap!" Mwalimu akajifanya ndiye mdogo mtu, akakataa. Wanu akashika kiuno. "I can't put up with you!" alisema, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba uvumilivu umemwisha. Darasa likashangilia, na Wanu akachaguliwa.

Faiza alipandwa na hasira mpaka masikio yakamchoma. Yeye aliyehifadhi kila kitu ashindwe na mtu aliyekuna kichwa? Wakati wa mapumziko alimwita Kurwa uwanjani, na sauti hakuishusha.

"Kwani hujui? Mamaake Wanu ndiye anayemshonea mwalimu mabuibui yake. Kapewa masuali kabla, huyo! Mie nlimwona."

Hakuona kitu. Ulikuwa uongo mtupu, na uliposikika uwanjani ulimpoza roho kidogo tu.

Kurwa alimwambia mamaake, na mamaake akautia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kabla ya magharibi kila simu ilikuwa na la kusema, na wengi waliosema hawakuwa na hakika ya chochote. Asubuhi yake mamaake Wanu alitinga skulini kwa hamaki.

"Mwanangu hendi redioni wala hendi popote! Sitaki jina lake lichezewe midomoni mwa watu."

Wanu alisimama nyuma ya mamaake, macho mekundu. Mwalimu Asila alimsihi mama yule, na yeye mwenyewe alikuwa na hasira za kusingiziwa, lakini hakusikilizwa. Nafasi ikaangukia kwa Faiza. Alikuwa ameitaka kweli, na sasa kaipata, lakini furaha haikuja. Alirudi nyumbani akabamiza mlango.

Kesho yake alasiri Bi Ummy aliepua mkate wa kumimina, akaukata nusu na kuutia sahanini.

"Mpelekee mamaake Wanu. Mwambie mama anakupa pole. Wamemwonea bibi wa watu."

Faiza alitaka kukataa, lakini hakuwa na sababu ya kutoa. Akaenda shingo upande. Alipofika mlangoni kwao, kabla hajapiga hodi, alisikia sauti ya Wanu kutoka ndani.

"Usi! You must get up! You should put on your shoes!"

"S'taki!" alijibu Usi, mdogo wake wa miaka mitano.

"You can't run away!"

"N'takusemea kwa mama!"

Cherehani ikasita. "Wanu, mwache mwenzio na hicho Kiingereza chako," alisema mama. "Mwezi mzima huu nyumba haina raha!"

"Redioni ndiyo sendi tena," alisema Wanu, na sauti ikamkatika. "Na nyumbani pia nisizungumze?"

Faiza alibaki pale pale na sahani mkononi. Hakuna masuali yaliyotolewa. Wanu alikuwa akizungumza kila siku na mtoto asiyetaka hata kusikiliza, huku yeye Faiza akiziimba sentensi zake ngazini peke yake. Hasira zake zote zikamgeukia mwenyewe, nazo zilikuwa kali kuliko za mwanzo. Hakuweza kupiga hodi. Akarudi.

"Mbona umerudi na sahani?" aliuliza Bi Ummy.

Faiza akalia, akasema yote.

"Kumbe ni wewe!" Bi Ummy aliipiga meza kwa kiganja. "Siku mbili mie nawatetea watu wale kwenye simu, kumbe fitina imetoka nyumbani mwangu! Kesho nnakwenda nawe skuli, na utayasema haya kwa ulimi wako mwenyewe."

Asubuhi walimkuta Mwalimu Asila ofisini. Faiza akamwamkia, kisha akasimulia bila ya kuinua macho.

"Kuhifadhi si kosa, Faiza. Kichwa chako ni neema," alisema mwalimu. "Lakini lugha ya mazungumzo inataka mtu wa kuzungumza naye, na wewe hukumtafuta. Mwenzio alifanya kazi hiyo. Kukasirika kwa kushindwa nakuelewa. Kumzulia mwenzio nimechukizwa nako sana."

"N'tamwomba radhi, mwalimu. N'tamwita pembeni."

"Pembeni?" Mwalimu Asila alisimama. "Ulipomzulia, ulisemea pembeni?"

Basi Faiza alisimama mbele ya skuli nzima, wanafunzi wakiwa mstarini, akasema kwamba aliongopa, kwamba hakuona kitu, na kwamba Wanu alishinda kwa juhudi yake. Bi Ummy akayatuma maneno hayo hayo kwenye kundi la wazazi, kisha akaenda mwenyewe kwa mamaake Wanu. Alirudi na ruhusa. Wanu atakwenda redioni.

Kesho yake asubuhi Faiza alimfuata Wanu mstarini, akampa mkono. Wanu aliutazama, hakuupokea.

"Nilikusikia jana," alisema. "Lakini bado nna hasira nawe."

"Si nshaomba radhi mbele ya watu wote?" alilalamika Faiza.

Mwalimu Asila alikuwa nyuma yao. "Mwache na hasira zake," alisema. "Zake ni za haki, zako zilikuwa za wivu. Kusema kweli kulikuwa wajibu wako, na umeutimiza. Kusamehe ni hiari yake, na hutamharakisha."

Faiza akaushusha mkono. Akasimama nyuma ya Wanu, wakaingia darasani.