Gitaa la Pili Redioni

"Mkamburi! Hunijui?"

Mkamburi aligeuka, kikapu cha chakula cha mumewe mkononi. Garimoshi lililotoka Mombasa lilikuwa limesimama Voi kujazwa maji, na askari walikuwa wameshuka kunyoosha miguu. Aliyemwita alikuwa amenyolewa kipara, amekonda, mkono wa kushoto ameutia mfukoni. Sauti ndiyo iliyomtambulisha. Toka pwani hadi bara, nani asiyeijua sauti ya Zephaniah, mwimbaji wa santuri?

"Umevaa sare," Mkamburi akasema kwa ubaridi. "Ni mchezo gani unaoigiza leo?"

"Mchezo? Natoka vitani Malaya, huko Asia. Baba yako alisema hawezi kumwoza binti yake mpiga gitaa, nikaenda kutafuta kazi ya kiume. Si nilikuandikia?"

"Uliandika kwamba uko Malaya, na kila Jumamosi nikakusikia Nairobi."

"Ukanisikia wapi?"

"Redioni! 'Hamjambo, wapenzi, leo niko nanyi hapa Nairobi.' Kisha ukaimba wimbo wenye jina langu, wanawake wakakuitikia, ukacheka nao. Nililia, Zephaniah. Mwisho nikachoka kulia."

Askari mmoja, Maundu, akaangua kicheko.

"Kumbe ndiye Mkamburi wa wimbo! Shemeji, mtu wako huyu ana kichwa kigumu. Afisa alimwambia aingie bendi, akae mbali na risasi. Akakataa! Akachimba vyoo pamoja nasi, yeye na jina lake kubwa!"

Zephaniah hakucheka. Aliutoa mkono mfukoni. Vidole vitatu havikuwapo.

Mkamburi akashika mdomo. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, msituni."

"Lakini Jumamosi iliyopita ulipiga gitaa!"

"Ilipigwa santuri. Maneno yale yote niliyasema kabla sijaondoka, watu wa redio wakayanasa. Nani alikwambia niko Nairobi?"

"Obadiah. Alisema redio ni kama simu ya stesheni, mtu akisema kule, unamsikia saa ileile. Yeye ndiye mpokeaji simu hapa. Ningembishia nini?"

Obadiah alikuwa rafiki wa Zephaniah tangu utotoni. Ndiye aliyekabidhiwa Mkamburi amtunze, Zephaniah alipokwenda vitani.

"Katika wimbo ule, ulisikia gitaa la pili? Lile linalokwama kidogo kabla ya kiitikio?"

"Nililisikia."

"Unamjua anayepiga hivyo?"

Mkamburi alijibu polepole. "Obadiah."

"Na wimbo ulipokuwa ukitoka redioni, Obadiah alikuwa ameketi wapi?"

Kikapu kilimponyoka.

"Kando yangu."

Firimbi ikalia. Askari wakaanza kupanda.

"Obadiah amekwisha kupeleka mtamba wa mahari?" Zephaniah akauliza.

"Mtamba ameshazaa zizini kwa baba."

Wote wawili walikuwa watu wa Wusi, milimani Taita. Walijua kwamba mtamba akishazaa kwa mkwe, wazee hawaketi tena kuivunja ndoa.

"Nisamehe, Zephaniah."

"Wewe hukunikosea." Akamwokotea kikapu kwa mkono wake mbovu. "Mpelekee chakula chake."

Garimoshi likaondoka. Mkamburi hakupeleka chakula, wala hakusema neno nyumbani hadi Jumamosi jioni, redio iliposema, "Hamjambo, wapenzi."

Obadiah akanyoosha mkono kuizima.

"Iache," Mkamburi akasema. "Chukua gitaa lako."

"Mke wangu, nimetoka kazini, nimechoka."

"Si ni kama simu? Zephaniah yuko kule anaimba. Msindikize."

Obadiah alimtazama usoni, akaona kwamba hakuna tena la kuficha. Alichukua gitaa. Magitaa mawili yakaenda kama moja, na kabla ya kiitikio yakakwama pamoja, mahali palepale.

Mkamburi akazima redio. Gitaa la Obadiah likasikika peke yake, kisha likafa.

"Mkamburi, nilikupenda. Ningefanya nini?"

"Sikuuliza. Piga tena, kuanzia mwanzo."

"Hadi lini?"

"Kila Jumamosi, maadamu mimi ni mke wako. Na ukifika pale pa kuimba, nyamaza. Paache wazi, ni pa Zephaniah."

Obadiah aliinamisha kichwa, akaanza kupiga.