Karatasi ya Dada

Kila jioni akitoka shule, Sindano aliketi kando ya cherehani akimtungia baba yake uzi. Macho ya baba yalikuwa yamechoka kwa ushonaji, naye binti huyu alitunga nyuzi tano kabla hujamaliza kupiga chafya. Ndiyo maana akaitwa hivyo.

Mwandiko wake pia ulisifika. Dada yake alipofikia umri wa kuposwa, shangazi alimpa Sindano kazi ya kunakili karatasi ya wasifu, ile ambayo familia zilizotoka India, kama yao, hupelekeana kabla vijana hawajaonana. Mwishoni dada alikuwa ameandika: "Nasomea uuguzi. Nitamaliza mwaka uliobaki kabla ya kuolewa."

"Hapo andika 'amehitimu'," shangazi alisema. "Posa nzuri haingoji mwaka."

"Dada anajua?"

"Wewe andika, mwanangu. Mambo ya wakubwa waachie wakubwa."

Sindano akaandika. Tangu siku hiyo alikuwa akiacha chakula sahanini.

Jumapili mchana wakaja fundi umeme kijana na mama yake. Dada aliwamiminia chai. Alimtazama kijana mara mbili, na mara ya pili akatabasamu. Sindano, aliyesimama mlangoni, akazidi kuumia.

"Maadamu binti amehitimu," alisema mama wa kijana, "harusi iwe mwezi ujao, kisha ahamie kule kwetu."

Dada aliganda na birika mkononi. Baba akamgeukia shangazi, dada yake mkubwa.

"Kilichobaki ni cheti tu," shangazi akajibu upesi.

Baba akainamia kikombe chake. Kumpinga mkubwa wake mbele ya wageni ilikuwa aibu, na dada naye alikuwa amelelewa hivyo hivyo. Mama wa kijana akaanza kutafuta tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka wa mwisho wa masomo ya dada ulikuwa unapotea hivi hivi, watu wanakunywa chai.

"Si kweli," Sindano alisema. Sauti yake ilitetemeka. "Dada aliandika kuwa bado anasoma. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Mgeni akafunga mkoba wake kwa kishindo. "Kumbe tumedanganywa. Mwanangu, twende."

Kijana akasimama. Baba naye akasimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kosa ni letu, na ninaomba radhi," alisema. "Lakini karatasi yenu inasema kijana ana futi sita. Mimi ni fundi nguo, mama. Tangu aingie naona tano na nusu."

Dada akaziba mdomo kwa ukingo wa mtandio. Kijana akacheka hadi akaketi. "Mama ndiye aliyeniongezea urefu," alisema. "Mimi nitangoja, kama mwenyewe anataka."

"Nikimaliza, uje uniulize mimi," dada akajibu.

Wageni walipoondoka, shangazi alimwomba dada msamaha. Baba akamketisha Sindano kando ya cherehani.

"Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha uongo hupasuka siku ya kuvaliwa, mbele za watu," alisema. "Leo umeiwahi, na nimeona ulivyoogopa. Lakini siku nyingine mkubwa akikutaka udanganye, mkatalie kwa adabu, kisha uje uniambie."

"Nimesikia, baba."

Sindano akachukua karatasi mpya, akaandika upya maneno ya dada yake, yote, hadi nukta ya mwisho. Jioni hiyo alikula sahani mbili.